Dawa ya Mguu Mmoja

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
8 Oktoba 1974

Mjomba Vitalis mpendwa,

Shikamoo. Mwanamkuu, mwenye nyumba wangu, naye anakuamkia. Hajakuona hata siku moja, lakini kila nikishika kalamu anajua ni wewe, maana anasema hakuna mtu mwingine ninayenyoosha mgongo kumwandikia. Nisalimie sana mkazamjomba Angelina na watoto wote hapo nyumbani. Huku Kariakoo ni vumbi tu. Soko la zamani walishalibomoa, jipya linapanda juu kila siku, na mimi niko barazani na cherehani yangu, nakohoa na kufunika vitambaa vya watu. Magauni ya kipaimara mwaka huu nimeshona kumi na tisa. Unga tunaoupata ni ule wa njano. Tunausema vibaya, kisha tunaumaliza.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka mwaka jana nilikuandikia kwamba nina alama nyeusi chini ya unyayo wa kulia, nikadhani ni mwiba uliozama? Nilifanya ujinga, nikauchokoa kwa wembe. Haukuwa mwiba. Pale pamekuwa kidonda, kidonda hakikufunga, na tangu Agosti vinundu vyeusi vimeanza kupanda kwenye muundi, ukipapasa ni kama punje za kunde chini ya ngozi. Nilinyamaza kwa sababu mguu huo ndio unaokanyaga cherehani, na mtu hapendi kuusema vibaya mguu unaomlisha.

Nimekwenda hospitali. Walikata kipande kidogo wakakipima. Ni saratani, Mjomba. Nimeliandika neno hilo mara moja, sitaliandika tena.

Usilie bado. Yupo daktari mgeni kutoka ng'ambo, amekuja kwa miezi mitatu na mashine yake. Walinikalisha wakanieleza, mgeni anasema, daktari wetu anatafsiri. Unajua mtu akiumwa na nyoka tunavyofunga juu ya jeraha ili sumu isipande moyoni? Hawa nao wanafunga, ila sumu wanaitia wao wenyewe. Wanakulaza usingizi, wanapasua hapa kinenani, wanaingiza mipira miwili kwenye mishipa mikubwa, kisha wanalikaza paja. Damu ya mguu inabaki kuwa ya mguu tu. Mashine inaizungusha na kuipasha moto, na ndani yake wanatia dawa kali ambayo kama ingeenea mwili mzima ingeniua. Baada ya saa moja wanaisuuza, wanafungua, wanashona. Moyo hauambiwi lolote. Nilicheka nikawaambia ninyi nanyi ni mafundi kama mimi.

Hawakunificha. Wapo ambao vinundu vilikauka wakaenda zao. Wapo waliokuja kukatwa mguu hata hivyo. Wapo wachache ambao hawakuamka. Nisipoipata dawa hii, watakata mguu juu kabisa, na huenda ugonjwa ukawa umeshatangulia. Naitaka, Mjomba. Naitaka sana.

Lakini mtoto wa Evarista hapasuliwi bila mjomba wake kusema. Daktari wetu alishangaa, mwanamke wa miaka thelathini! Nikamwambia kwetu ndivyo, huyu ndiye kaka wa mama yangu, amenilea tangu mama afe, neno lake ndilo neno langu. Nikaweka sahihi kwamba utakalosema wewe walichukue kuwa nimelisema mimi. Nimepangiwa tarehe 22 Novemba. Mgeni anaondoka mwisho wa mwezi huo na mashine yake, na hajui kama atarudi. Njoo kabla mvua haijafunga barabara ya Rufiji.

Mpwa wako,
Scholastika


Kijiji cha Ujamaa Namtowe,
Masasi.
26 Oktoba 1974

Mpwa wangu Scholastika,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imechelewa kwa sababu hatupo tena kule ulikotuacha. Tumehamia kijijini, nyumba zimepangwa mstari kama mabenchi ya kanisani, na mpeleka barua alikuwa bado anatutafuta kwenye mahame. Angelina aliilia mikorosho yake wiki nzima. Sasa anasema jirani wa karibu ana faida, ukiishiwa chumvi unapaza sauti tu. Ukatekista naendelea nao. Watoto ni wengi kuliko vitabu, basi wanakariri, na kukariri hakujamdhuru mtu.

Habari ya mguu nimeisoma mara nne. Umefanya vema kunisubiri. Vijana wa siku hizi wanaamua mambo yao peke yao, kisha wanatuletea msiba tuupokee. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umesikia, nami namshukuru Mungu kwa malezi.

Lakini hiyo dawa wewe mwenyewe umeiita sumu. Na huo usingizi ni usingizi gani? Nani anamwamsha mtu? Hukuandika. Usinijibu kwa barua, nitauliza mwenyewe. Nitaondoka baada ya Siku ya Marehemu Wote, na nikifika nitateremkia hapo kwako. Mwambie huyo Mwanamkuu asihangaike, mimi nalala popote, ila pweza sili.

Usiogope. Mjomba wako yupo.

Vitalis


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
3 Desemba 1974

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na kivuko hakikukusumbua. Mwanamkuu anasema wewe ni mgeni mwepesi mno, ulikula mara tatu tu, akaniuliza kama chumvi ilizidi. Nikamwambia hapana, ndivyo alivyo. Ile khanga uliyomnunulia mkazamjomba uliisahau juu ya kabati. Nitampa mtu wa basi.

Tarehe 22 imepita. Siku hiyo nilishona suruali mbili za mwalimu mmoja, na saa nne nilijiambia, saa hizi ningekuwa nimelala. Basi. Nilikuwa nimeshajiandaa moyoni, na mtu akishajiandaa kwa jambo kisha lisije, anabaki na maandalizi yake hajui ayaweke wapi.

Sikulaumu kwa kutaka kuingia peke yako kwa daktari. Ulisema mgonjwa hapaswi kusikiliza habari zake mwenyewe, nami nikakaa nje kwenye benchi kama mtoto mwema. Lakini Mjomba, ulikaa humo nusu saa. Ulipotoka ulikuwa umeshika kofia kwa mikono miwili. Tulikatiza Mnazi Mmoja, na tulipofika katikati ndipo ukaniambia, "Wameangalia tena. Mguu wako si wa mashine. Wao wanataka miguu ambayo ugonjwa bado mchanga." Asubuhi yake ukapanda basi, na ulikuwa umeniambia utakaa wiki.

Nilikuamini na naendelea kukuamini. Nauliza tu kitu kidogo. Mwezi wa kumi waliniambia mashine hiyo ni kwa watu hasa wenye vinundu kama vyangu. Imekuwaje wakageuka? Nilitaka kwenda kuwauliza, kisha nikaona ni kukudharau, kana kwamba nakufuata nyuma nikafute nyayo zako. Ile mizizi uliyoniachia nachemsha asubuhi na jioni. Ni chungu kuliko kufiwa.

Mpwa wako,
Scholastika


Namtowe, Masasi.
9 Januari 1975

Mpwa wangu,

Marahaba. Heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikula kuku wawili na kijiji kizima kikajua, ndiyo hasara ya kukaa mstari. Angelina anashukuru kwa khanga, ilifika ikiwa imelowa. Paa letu linavuja upande wa jikoni. Bakili, yule mtoto wa jirani yetu Mwislamu uliyekuwa ukimbeba mgongoni, sasa ni katibu wa tawi, anatukoromea kama hatukumfuta makamasi.

Mvua ni nzuri. Muhogo umeshika.

Endelea na mizizi. Usiwe unazoea kwenda hospitali kila wiki, watu wale wakishauzoea mwili wa mtu hawaishiwi sababu ya kuushika. Muombe Mama Bikira Maria. Ukichoka na Kariakoo, njoo nyumbani, nimekutengea chumba kinachotazama kanisa.

Mjomba wako,
Vitalis


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
22 Februari 1975

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na paa. Huku joto limetushika shingoni, na Mwanamkuu ameoza binti yake wa mwisho, tumepika pilau siku tatu. Nilishona nguo zote za harusi kwa mguu wa kushoto. Nimejifunza. Mguu wa kulia sasa nauweka juu ya kigoda kama mgeni wa heshima.

Swali langu la Desemba hukulijibu. Uliniandikia habari za kuku.

Juzi alikuja nesi mmoja kushonewa sare, anaitwa Theopista, kwao Newala, mcheshi, wa rika langu. Nilipokuwa nampima kiuno akautazama mguu, kisha akanitazama usoni.

"We dada, si wewe yule wa mashine?"

"Ndiye. Ila nilikosa, walisema sifai."

"Nani alisema hufai? Wewe si ulikataa!"

Nikamwambia ananichanganya na mtu mwingine. Akacheka. "Nikuchanganye vipi, na mimi ndiye niliyekutandikia kitanda? Mashine tumeosha, damu yako tumetafuta, mgeni amekaa anakungoja. Akauliza mara mbili, kweli amekataa? Tukamwambia kweli, wazee wake wamekuja." Halafu akauona uso wangu, akautoa utepe wangu kiunoni. Aliondoka bila hata kuchukua kitambaa chake kilichobaki.

Nimekaa siku mbili sijashona. Sitaandika ninachofikiri, Mjomba, kwa sababu nikikiandika kitakuwa kimesemwa na mimi. Nataka uandike wewe kwanza. Ulipoingia kwenye chumba kile, ulimwambia nini daktari? Ni sentensi moja tu. Nakuomba.

Scholastika


Namtowe, Masasi.
30 Machi 1975

Scholastika,

Salamu zako nimezipata. Barua yako ilikaa njiani wiki tatu, Rufiji imejaa, magari yamelala ng'ambo zote mbili. Leo ni Pasaka. Angelina ana homa lakini anainuka. Mzee Benjamini wa kule mahame, aliyekuwa akipiga kengele, tumemzika Jumanne. Mahindi yameliwa na nguruwe pori kwa kuwa mashamba sasa yako mbali na macho yetu.

Habari za manesi mimi sizijui. Wanaona wagonjwa mia, watamkumbuka yupi? Mtu anayekuja kushonewa nguo anaacha na maneno, ndiyo kazi ya barazani, unajua mwenyewe.

Nilikulea. Ulikuwa na miaka kumi na moja, una utapiamlo na chawa, nikakubeba. Nilikusomesha hadi darasa la nane wakati watu walinicheka kumsomesha msichana. Sikutegemea siku moja uniandikie kama hakimu. Mimi ni mjomba wako, na mjomba hahojiwi na mpwa.

Kunywa mizizi.

Vitalis


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
16 Aprili 1975

Mjomba,

Shikamoo, kwa sababu mama alinifundisha nisiache. Mpe mkazamjomba pole ya homa. Habari nyingine sina.

Nimekwenda hospitali. Theopista alinishika mkono upande mmoja na Mwanamkuu upande wa pili, tukaenda hatua kwa hatua. Nilimwomba daktari wetu anifungulie faili langu. Alisita, kisha akaligeuza upande wangu. Karatasi ni ya tarehe 18 Novemba. Inasema: "Mgonjwa, kwa kinywa cha mjomba wake, anakataa matibabu ya mguu kwa mashine. Mjomba ameelezwa faida na hatari na ameelewa. Hataki pia akatwe. Anasema mgonjwa mwenyewe ndivyo anavyotaka." Chini ipo sahihi. Ningeitambua hata gizani, ile V yako yenye mkia mrefu uliyotufundishia kuandika ubaoni.

Daktari akasema, "Tulikusikitikia, lakini wewe ndiye uliyetuambia neno lake ni lako." Sahihi yangu nayo ilikuwa humo, ya mwezi wa kumi.

Umenisaliti, Mjomba. Naliandika neno hilo polepole ili ulisome polepole. Mtu baki angeninyima dawa ningejua ni roho mbaya, ningetafuta njia nyingine. Adui ningejihadhari naye. Wewe nilikuachia mlango wazi, ukaingia, ukatumia mdomo wangu kunikatalia, kisha ukatembea nami Mnazi Mmoja ukinipa pole. Pole! Ukaniachia na mizizi. Na Desemba nilipokuuliza ukaniambia muhogo umeshika.

Uliniandikia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na guu ndilo hili.

Sasa nikueleze hali, maana una haki ya kujua ulichofanya. Vinundu vimepita goti. Kinenani kuna uvimbe wa kiasi cha yai la bata. Wamenipiga picha ya kifua, na daktari alipoiinua kwenye mwanga hakunitafutia maneno: kuna madoa kwenye mapafu yote mawili. Mgeni alishaondoka na mashine yake. Lakini nilimuuliza daktari wetu, je, mgeni angerudi kesho? Akasema, "Hata angerudi. Ile dawa ni ya ugonjwa uliobaki mguuni. Wako umeshavuka. Hatuna tena pa kufunga." Kuukata nako hakusaidii kitu sasa, isipokuwa kuupunguza uvundo.

Mwezi wa kumi na moja pa kufunga palikuwepo. Sijui kama ningepona. Huenda ningekuwa mmoja wa wale wasioamka. Lakini hilo lilikuwa langu, na ulilichukua.

Kwa nini? Usinitajie chawa wala darasa la nane. Nimekula chakula chako miaka kumi na sikukusahau hata siku moja. Nijibu kwa nini.

Scholastika


Namtowe, Masasi.
12 Mei 1975

Scholastika,

Barua hii nimeianza mara tano. Angelina hajui ninachoandika.

Mwaka 1955 mama yako alipata uvimbe tumboni. Tulimbeba kwa machela siku mbili hadi hospitali ya misheni. Bibi yako alikuwa amekataza, alisema mwanangu hapasuliwi, na alinitazama mimi alipokuwa akisema. Tulipofika, daktari akaniambia akipasuliwa leo atapona, ni kazi ya dakika arobaini. Evarista akaniambia, "Kaka, sema wewe." Nikasema ndiyo. Niliweka sahihi. Wakamfunika pua kwa kitambaa chenye dawa ya usingizi, mlango ukiwa wazi, na mimi nimesimama pale. Ile harufu bado ninayo. Hakuamka. Hawakuwa wameanza hata kukata.

Nyumbani nilisema amefia njiani, kabla hatujafika. Wenzangu wawili niliobeba nao machela niliwaapisha, nao wamekwisha kufa. Bibi yako alikufa akiamini hivyo. Wewe umekua ukiamini hivyo. Miaka ishirini naungama dhambi nyingine zote, hiyo naipita.

Novemba nilikuja nikiwa nimekusudia kukubali. Naapa. Nilimsikiliza daktari, nilielewa kila kitu, ni watu wema. Kisha nikauliza juu ya usingizi, naye, ili kunitoa hofu, akafungua mlango wa chumba chao nikaone. Harufu ile ile. Nikajisikia nasema hapana. Nilipokwisha sema sikuweza kurudi nyuma, na nilipotoka nikakukuta umekaa kwenye benchi umeweka mikono magotini, umefanana naye, nikaona afadhali uwe hai ukiwa na kidonda kuliko nikurudishe nawe maiti nikiwa nimetia sahihi.

Nilitaka uishi. Hilo tu.

Nitakuja kukuchukua. Chumba kipo tayari. Nitakubeba mwenyewe kama nilivyokubeba zamani. Usinikatalie.

Vitalis


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
5 Juni 1975

Mjomba Vitalis,

Shikamoo. Mkono umekuwa mzito, kwa hiyo salamu ni fupi: wasalimie wote. Cherehani nimempa binti wa Mwanamkuu aliyeolewa, anajifunza, anakata vitambaa kama anayechinja. Mguu unaniuma siku zote isipokuwa nikicheka, basi wanajitahidi kunichekesha. Theopista huja akitoka zamu, ananisafisha kidonda bila kukunja uso.

Nimeyasoma uliyoandika. Nayaamini yote. Nilimlilia mama upya, na nilikulilia wewe pia, kijana wa miaka ishirini na mitano mlangoni mwa chumba kile, na hakuna mtu wa kumwambia. Ulikuwa mzigo mkubwa. Hukumuua mama, Mjomba. Nakwambia hivyo kwa kuwa hakuna aliyekwambia.

Lakini usidhani yamekwisha. Maneno haya ungeniambia Novemba, pale pale Mnazi Mmoja, ningekukalisha kwenye nyasi nikakwambia, ngoja hapa, mimi narudi kwa daktari kujisemea. Siku nne zilikuwa zimebaki. Hata ungeniandikia Desemba ulipofika nyumbani, walau nisingepoteza miezi nikichemsha mizizi. Mama alikuambia "sema wewe," ukasema alichotaka. Mimi nilikuambia naitaka, niliandika mara mbili, naitaka sana, ukasema usichoambiwa. Hofu ilikuwa yako. Mguu ulikuwa wangu. Unasema ulitaka niishi. Ulitaka usiwepo siku nitakayokufa, uwe umenawa mikono, na ukaita kutaka huko kuwa ni mapenzi. Nakupenda bado, na hilo ndilo linalonitia hasira kuliko yote.

Usije kunichukua. Sitabebwa. Padre wa parokia hapa ameshakuja, nitazikwa Dar es Salaam, Mwanamkuu na Theopista ndio watakaonivika. Theopista atakupigieni simu ya maandishi, na mkitaka kuja, njooni, hakuna atakayewafukuza.

Kuna jambo moja nimelipanga na nataka ulijue mapema, lisikushtue mbele za watu. Unajua desturi. Kabla ya kufukia, mkubwa wa ukoo anasimama na kueleza ugonjwa wa marehemu, ulivyoanza, alivyotibiwa, hadi mwisho wake. Kwa mama ulisimama wewe. Nilikuwa nimeshika upindo wa nguo ya mkazamjomba, na nilikusikia kwa masikio yangu ukisema amefia njiani. Watu wakaitikia kwa huzuni, nami nikaitikia pamoja nao.

Kwangu hutasimama. Maelezo ya ugonjwa wangu nimeyaandika mwenyewe, kurasa mbili, yako kwa Theopista, naye ndiye atakayeyasoma. Nimeandika alama nyeusi na wembe wangu. Nimeandika ile mashine na jinsi inavyofanya kazi, ili wenye alama kama yangu wakimbie mapema. Nimeandika tarehe 18 Novemba, na jina lako lote, na sentensi zilizo kwenye ile karatasi kama zilivyo. Nimeandika pia kwamba ulinilea na kunisomesha, maana ni kweli. Habari ya mama sikuitia. Hiyo ni yako, uitoe mwenyewe ukiweza.

Wewe utakaa mkekani pamoja na wengine, usikilize.

Scholastika binti Evarista